Nani Aliyesema Imezeeka?

Prosesa haichoki. Ile iliyotoka kiwandani mwaka 2012 ikipiga mapigo bilioni 2.5 kwa sekunde, ikiwa haijaungua wala haichemki kupita kiasi, leo bado inapiga mapigo bilioni 2.5 kwa sekunde. Haina misuli ya kulegea. Ipewe hesabu ya siku ya kwanza, kwa programu ya siku ya kwanza, nayo itarudisha jibu kwa muda uleule. Hata hivyo mwenye laptopu hiyo huiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kukuta kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Hapo hutamka hukumu ambayo kila mtu anaielewa: imezeeka.

Hukumu hiyo inastahili kukatiwa rufaa, kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameyasumbukia kwa karne nyingi. Kitu huzeeka kwa hali yake chenyewe, au kwa yale tunayokitaka kifanye? Na mtu aliyejaliwa kupata kitu anadaiwa nini juu yake kabla hajawa na ruhusa ya kukitupa?

Makurunge ni mahali panapofaa kuyauliza. Kata hii ya wilaya ya Bagamoyo iko kwenye barabara ya kwenda Msata, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Saadani, Pangani hadi Tanga. Ndiko iliko ardhi iliyokuwa ranchi ya Razaba, ambayo Serikali ya Zanzibar ilipewa kwa ajili ya mifugo, na ndiko yanakoonekana leo mashamba ya miwa ya kiwanda cha Bagamoyo Sugar. Si mji wa ofisi. Lakini kompyuta imefika, tena haikuja kama anasa. Mwalimu wa shule ya msingi anatakiwa taarifa za wanafunzi wake ziwe kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani. Kama mtumishi wa umma, anatakiwa kujaza malengo na utekelezaji wake kwenye PEPMIS. Shule ikitaka kununua vitu, ununuzi wa umma siku hizi unapita NeST, mfumo ulioanza kutumika mwaka 2023. Kazi zote hizo hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari cha leo kinakula kumbukumbu bila huruma.

Sasa tuichukue laptopu ya aina inayopatikana kwa wingi katika maduka ya vitu vilivyotumika Dar es Salaam: RAM ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, imeshafanya kazi miaka kadhaa Ulaya au Dubai kabla ya kuvuka bahari. Kwa kuchapa mitihani na kupanga alama kwenye jedwali ilitosha, ikabaki. Mashine ni ileile. Kilichobadilika ni mzigo, na aliyeuongeza mzigo si mwenye mashine.

Fundi kompyuta anayeijua kazi yake haanzi na bisibisi. Hufungua kwanza orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya mashine, akatazama ni nani anayekula nini. Mara nyingi anakuta programu kumi na kitu ambazo zimejiandikisha kuamka pamoja na mashine: ya printa ambayo iliuzwa zamani, ya simu iliyopotea, vivinjari viwili vinavyojisasisha kila kimoja kivyake, na kinga ya virusi iliyokwisha muda wake ambayo kazi yake sasa ni kukumbusha kwamba muda wake umekwisha. Anakuta pia virusi vilivyopandia kwenye flashi kutoka steshenari, kwa sababu mtihani ukishachapwa lazima upelekwe mahali penye mashine ya kutoa nakala, na flashi moja hupita kwenye kompyuta nyingi. Kuzima hayo yote hakugharimu hata shilingi. Baada ya hapo ndipo anapotazama vyuma.

Chuma cha kwanza kinachoshtakiwa, na mara nyingi kwa haki, ni diski. Diski ya kuzunguka ya laptopu ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, huku kichwa chembamba kikihama huku na huko juu yake kutafuta data. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Si muda mrefu, lakini mfumo unapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kina safari yake na foleni yake. SSD, hifadhi ya chipu inayoweza kuwekwa badala ya diski hiyo, haina kinachozunguka wala kinachohama. Hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Tofauti ni kama mara mia, ndiyo maana watu waliobadilishiwa diski pekee huapa kwamba wamepewa kompyuta nyingine.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo ina hila yake. Ikijaa, mashine haisimami na kusema imejaa. Huanza kuhamishia sehemu ya kumbukumbu zake kwenye diski, na kila inapozihitaji huzifuata huko. Akili iliyokuwa ikifanya kazi kwa mwendo wa umeme inalazimika kufikiri kwa mwendo wa sahani. Mwenye nayo anaona mshale umeganda, kumbe ndani kuna mbio za kwenda na kurudi zisizokwisha. Gigabaiti 4 nyingine zikipachikwa, mbio hizo hupungua sana.

Kisha kuna joto, na hapa pwani ina adui wake mwenyewe. Hewa ina unyevu na chumvi, barabara za vumbi ziko jirani, na feni huvuta vyote hivyo hadi mapezi ya kupoozea yakazibwa kama chujio. Grisi inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea hukauka kwa miaka. Prosesa ikiona inakaribia kuungua, hujipunguzia kasi yenyewe ili inusurike. Huo ndio uchovu tunaoweza kuuzungumzia katika prosesa, nao huondoka kwa brashi, pumzi ya hewa na grisi mpya.

Ukiyajumlisha hayo, picha inayotoka ni ya ajabu kidogo. Karibu hakuna kilichozeeka katika mashine inayoitwa nzee. Kuna sehemu mbili tatu zinazochakaa na zinazobadilika, na kuna mzigo. Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliandika makala ya kuomba programu nyepesi, akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko vyuma vinavyozidi kuwa na kasi. Wirth alifariki dunia siku ya kwanza ya mwaka 2024, na malalamiko yake hayajapata jibu. Kila mara wahandisi wa chipu wanapotoa nafasi, waandishi wa programu huijaza. Na anayelipia ni yule aliye mwisho wa mnyororo, mwenye mashine ya mkono wa pili.

Wakati mwingine hukumu hutolewa kwa tarehe kabisa. Microsoft ilitoa Windows 10 mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikakomesha huduma yake ya kawaida ya kuziba matundu ya usalama. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya aina ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017, au za baadaye. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 duniani zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu ya mabadiliko hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Oktoba hakuna hata moja kati ya hizo iliyoharibika. Apple nayo ilikiri mwaka 2017 kwamba ilikuwa ikipunguza kwa programu kasi ya baadhi ya simu zake zenye betri zilizochoka. Maelezo yake yalikuwa kwamba ilitaka zisizimike ghafla. Mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Kosa waliloliona Wafaransa ni la kimaadili hasa: mtu aliachwa aamini kuwa chombo chake kimezeeka, ilhali kuna mkono uliokishika breki.

John Mbiti, padri wa Kianglikana kutoka Kitui na mwanafalsafa aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi wakati haukimbilii mbele. Matukio hutoka katika Sasa na kuzama polepole katika Zamani, na aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wanafalsafa wenzake, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga, hasa kwa madai yake kwamba Mwafrika hana dhana ya siku za mbali zijazo. Katika hilo wapinzani wake wana hoja. Lakini sehemu moja ya wazo la Mbiti inagusa jambo hili moja kwa moja: kuingia katika Zamani hakutangazwi na mtu wa mbali, hutokea pale uhusiano wa walio karibu unapokatika. Laptopu inayofungua jedwali la alama kila jioni Makurunge imo katika Sasa. Aliyeko Microsoft hana mamlaka ya kuizika, ingawa ana uwezo wa kuifanya iishi kwa hofu.

Tuseme basi fundi amemaliza. Ametoa diski ya kuzunguka akaweka SSD, RAM imekuwa gigabaiti 8, feni imesafishwa, betri ni nyingine. Je, hii ni laptopu ileile?

Kwa watu wa Bagamoyo swali hili liko ufukweni, karibu na soko la samaki, ambako vyombo hupandishwa mchangani na kutengenezwa. Mbao zilizooza hung'olewa moja moja na kuwekwa mpya, taruma likivunjika hubadilishwa, nyufa hutiwa kalafati, mwili hupakwa mafuta. Baada ya miaka mingi huenda hakuna ubao hata mmoja uliobaki kati ya zile alizozichonga fundi wa kwanza, na hakuna mvuvi anayesema hiki ni chombo kingine. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus kwa namna hiyohiyo, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema imebaki ileile, wengine wakikataa. Thomas Hobbes, Mwingereza, alilitia swali pilipili mwaka 1655. Ikiwa mtu aliziokota mbao kuukuu zote, akaziunga upya kwa mpangilio uleule, meli ya Theseus ni ipi kati ya mbili hizo?

Kwenye laptopu kitendawili cha Hobbes si cha kufikirika. Diski ya zamani hutiwa kwenye kava lake, ikachomekwa kama flashi, na humo mna mitihani yote, picha zote, barua ya kuomba uhamisho. Mwili uko hapa, kumbukumbu ziko pale. Anayeamini kwamba nafsi ya mtu ni kumbukumbu zake, kama John Locke alivyoelekea kuamini mwishoni mwa karne ya 17, angeshawishika kusema laptopu halisi imehamia kwenye kava. Lakini Locke mwenyewe hakutumia kipimo hicho kwa kila kitu. Kuhusu mti na mnyama alisema kinachobaki kilekile ni mpangilio wa sehemu zinazoshirikiana katika uhai mmoja, ingawa chembe zenyewe huja na kuondoka. Na akamfananisha mnyama na saa, ambayo ni sehemu zilizopangwa kwa kusudi fulani. Hapo ndipo penye jibu lenye nguvu zaidi. Faili hunakiliwa, likawa lilelile kwenye mashine elfu moja, kwa hiyo haliwezi kuwa ndilo linaloifanya mashine hii kuwa hii. Kinachoendelea ni mpangilio na utumishi wake. Ndiyo sababu umri wa sehemu si kipimo cha haki. Swali la haki ni kama mpangilio huo bado unaweza kupokea sehemu mpya na kutumika.

Dini zinalichukua jambo hili mahali ambapo falsafa ya Hobbes haifiki, kwa sababu zinauliza kitu ni cha nani. Bagamoyo inazo mbili zenye mizizi mirefu: kilomita chache kusini mwa mji, magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13, na Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao mjini mwaka 1868. Katika Uislamu mali ni amana. Mwenye mali ni mwangalizi atakayeulizwa. Surat Al-Isra inawaweka wafujaji katika udugu na mashetani, maneno makali kuliko yale ambayo wengi wetu tungeyatumia kwa mtu aliyetupa kompyuta inayowaka. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Kwa Wakatoliki, Papa Fransisko katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia aliushambulia utamaduni wa kutupa, akiunganisha vitu vinavyotupwa na watu wanaotupwa.

Mtu anaweza kusema: chuma hakina hisia, hakiwezi kudai. Ni kweli. Deni haliko kwa chuma. Ndani ya betri ya laptopu mara nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika migodi ya upande wa Kolwezi ambako wachimbaji huitana kwa Kiswahili. Ndani ya vijisehemu vya ubao mkuu wa mashine mna tantali, na machimbo ya koltani ya Rubaya, Kivu Kaskazini, yaliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikaishia Bagamoyo baada ya miezi ya njia na maiti nyingi kando yake. Leo malori ya shaba na kobalti hushuka hadi bandari ya Dar es Salaam, si mbali na hapo, na madini hayo hurudi pwani hii yakiwa yamefichwa ndani ya plastiki nyeusi yenye kioo. Kuitupa mashine nzima kwa sababu diski yake ni ya polepole ni kuwaambia wale watu kwamba walichokitoa ardhini hakikuwa na thamani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Hapa kuna hatari ambayo mwandishi yeyote wa habari hizi hana budi kuikabili. Sifa za kutunza vya zamani zinaweza kugeuka mahubiri ya kuwaambia maskini waridhike. Kwa nini mwalimu wa Makurunge ndiye afundishwe subira, na si anayemtwisha? Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, amepokea simulizi ya ngamia aliyemlalamikia Mtume kwamba mwenyewe anamlaza njaa na kumchosha, na aliyekemewa ni mwenye ngamia. Kuna pia katazo, katika hadithi zilizokusanywa na Bukhari, la kuwatwisha walio chini yenu wasiyoyaweza, na amri ya kuwasaidia ikiwa mmewatwisha. Katika jambo letu aliyelemewa ni binadamu aliyekaa mbele ya kioo saa tano usiku, akisubiri ukurasa ufunguke kabla umeme haujakatika. Taasisi inayomlazimisha mtu kutumia mfumo wake ina wajibu wa kuuandika mfumo huo mwepesi, ufanye kazi kwenye mashine ya gigabaiti 4 na intaneti ya simu. Huo si upendeleo. Ni sehemu ya haki yake, kama vile dawati ni sehemu ya haki ya mwanafunzi.

Upo pia mwisho wa kweli wa mashine. Mfumo endeshi usiozibwa matundu huachia mlango wazi, na humo ndani si mali ya mwenye laptopu peke yake: mna majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, alama zao. Kung'ang'ania Windows 10 bila kinga kwa jina la kutofuja ni kuvunja amana moja kwa kisingizio cha kutunza nyingine. Njia ipo. Linux Mint ya Xfce na Lubuntu, mifumo endeshi huria, hupokea masasisho ya usalama na hutembea vizuri kwenye mashine ambazo Windows 11 inazikataa; mifumo ya serikali inayofunguka kwenye kivinjari hufunguka humo pia. Wala si jambo geni kwa Watanzania: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004. Inagharimu wiki kadhaa za kuzoea, na mtu asiye na wa kumwelekeza atateseka mwanzoni. Hilo lisifichwe.

Na ikiwa ubao mkuu umeungua, basi. Hapo RAM hutolewa ikapewa mashine nyingine, kioo hutunzwa kwa jirani atakayevunja chake, na betri iliyovimba haichomwi pamoja na takataka za nyumbani. Diski ndiyo inayotaka umakini kuliko vyote, iwe mashine imekufa au inauzwa. Kwenye diski ya kuzunguka, kufuta faili hakufuti. Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu, na data hubaki palepale hadi iandikiwe juu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na mwalimu anayeuza laptopu yenye alama za darasa zima bila kuisafisha amewauza wanafunzi wake pamoja nayo. Diski ya kuzunguka huandikwa sifuri juu yake yote, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa kwa diski ya gigabaiti 500; ikishamaliza, kama bado ni nzima, hutiwa kwenye kava lake ikatunza nakala za mitihani ya muhula ujao.